Fundi Feruzi Apandishwa Daraja

Wapo watu wanaosema nchi yetu haina utaratibu. Hao hawajawahi kupanda ndege yetu.

Kabla sijaendelea, nijitambulishe. Mimi ni mtunga pongezi. Ukifungua gazeti ukakuta wafanyakazi wote wa Bohari Kuu wanampongeza Mheshimiwa fulani kwa kutimiza mwaka mzima akiwa bado Mheshimiwa, ujue huo ni mkono wangu. Jina la nchi yetu siliandiki, kwa kuwa linatumika kwa kibali tu na anayetoa vibali yuko likizo. Haya ninayoyasimulia nayasimulia kwa nia njema. Atakayecheka, atakuwa amecheka kwa hiari yake.

Taifa letu lina ndege moja iendayo ng'ambo. Inaitwa Subira, na ina madaraja mawili. Nyuma ni Daraja la Wananchi, ambako viti vimekazwa wima ili mwananchi asijisahau. Mbele, nyuma ya pazia la kijani, ni Daraja la Heshima, lenye viti vinane ambavyo ukibonyeza kitufe hulala na kuwa vitanda. Wageni wengi hutaka kuvinunua, nao huelezwa kwa upole kwamba kwetu heshima haiuzwi. Hutunukiwa. Mwenye cheo hulala kwa cheo chake, mkubwa mbele na mdogo nyuma yake, na akiingia mkubwa zaidi wote husogea nyuma kitanda kimoja, na wa mwisho huangukia kwa wananchi. Utaratibu huo unaitwa Kupishana kwa Upendo, na mimi ndiye niliyeutungia pongezi.

Kitanda nambari moja ni cha Mtukufu Mwenye Nchi. Mtukufu hasafiri na Subira, ana ndege yake. Lakini picha yake husafiri kila mara. Hulazwa kitandani, hufungwa mkanda, na wakati wa chakula huulizwa kama itapenda kuku au samaki. Kwa kuwa haikatai chochote, huletewa vyote viwili.

* * *

Sasa nimtaje mwenye kisa. Fundi Feruzi alikuwa fundi rangi wa mjini kwetu, mtu mrefu, mkimya, mwenye mkono usiotetemeka. Alipewa kazi ya kupaka upya uso wa Mtukufu kwenye ukuta wa posta, uso wa ghorofa nne. Alipofika kwenye meno, jukwaa la miti likakatika, akaja chini. Serikali ilichunguza na kuthibitisha kwamba hakuanguka, kwa kuwa hakuna raia aliyepata kuanguka kutoka kwenye tabasamu la Mtukufu. Hata hivyo mgongo wake ulivunjika.

Hospitali zetu, ambazo ni bora kuliko zote duniani, zilimshauri aende nje haraka. Huko nje akapatikana daktari bingwa aliyekubali kumpasua, akampangia asubuhi moja, na akasema atakayekosa asubuhi yake atasubiri mwaka mwingine. Daktari wetu naye akamwita mke wa Feruzi pembeni akampa neno moja tu. Asafiri amelala. Akikaa wima safari nzima, vipande vya mfupa vitaukata uti wa mgongo, na miguu yake hataisikia tena mpaka anaingia kaburini.

Mke huyo ni Bi Sikujua, mama wa binti mmoja aitwaye Asumini. Ni mwembamba na mpole, ila upole wake ni ule ambao ukiuona unanyamaza. Alifika uwanja wa ndege akiwa na mumewe kwenye machela, amefungwa juu ya ubao kwa mikanda. Kila baada ya hatua chache aliinama na kumwambia, "Baba Asumini, chezesha vidole." Vidole vya miguu vikicheza, anaendelea na safari. Hivyo ndivyo alivyokuwa akivilinda siku ile, vidole vya miguu ya mumewe, na mimi niliyekuwa nyuma yao kwenye foleni nikajikuta navitazama pia.

Kwenye kaunta alikuwapo Afisa Mkuu wa Itifaki, Bwana Machaku, mwenye glovu nyeupe na sauti ya mtu anayesoma tangazo hata anapoomba maji. Akauliza cheo cha mgonjwa. Bi Sikujua akajibu kwamba ni fundi rangi. Bwana Machaku akaeleza kuwa hicho si cheo, ni uchovu, na kwamba vitanda ni vya wenye vyeo. Bi Sikujua akauliza vyeo vinapatikana wapi. Akaelekezwa dirisha la pili, na Bwana Machaku alishangaa kwamba mtu mzima hajui.

Msomaji wa nchi nyingine asistaajabu. Kuna vitu vinavyoadimika kwetu, kama sukari na dawa ya vidonda, lakini vyeo havijawahi kuadimika. Asubuhi ile manaibu waziri wote walikuwa wamepandishwa kuwa mawaziri, na nafasi zao zilikuwa zimebaki pale dirishani zinachacha. Bi Sikujua akamwombea mumewe moja, akaipata: Naibu Waziri wa Mambo Yasiyo ya Lazima. Likabaki jambo dogo la kiapo. Kwetu kiapo huapwa kwa kusimama.

Bi Sikujua alisihi, alionyesha mgongo, alitaja jina la daktari. Bwana Machaku akajibu kwamba hajawahi kuona serikali inayoapa ikiwa imelala. Basi wapagazi wanne wakausimamisha ubao, Feruzi akiwa amefungwa juu yake, kama ngazi inavyosimamishwa ukutani. Mkewe aliushika uso wake kwa mikono miwili ili shingo isiyumbe. Fundi akaapa kwa meno yaliyokazana kwamba atailinda na ataitetea Katiba, jasho likimdondoka kidevuni, na Bwana Machaku akamrudisha mwanzo mara mbili kwa sababu neno "unyenyekevu" hakulitamka kwa unyenyekevu wa kutosha. Walipomlaza, Bi Sikujua alikimbilia miguuni. Vidole vilichelewa, kisha vikacheza.

* * *

Mimi safari ile nilikuwa nimeandamana na Mheshimiwa Lusewa, Waziri wa Mvua na Vivuli, aliyekuwa anakwenda kuitazama mvua ya wenzetu. Kiti changu kilikuwa kwa wananchi, lakini kazi yangu huniruhusu kusimama karibu na pazia, endapo litatokea la kupongeza. Kwa hiyo niliona yote.

Feruzi alilazwa kitanda cha nane, cha mwisho. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, samahani, tangu ashuke, alifumba macho bila kukunja uso. Mkewe akakaa sakafuni kando yake, akaegemeza kichwa, akashusha pumzi.

Pumzi haikufika chini. Mheshimiwa Lusewa aliingia, tumbo likimtangulia kutoa taarifa, na kwa kuwa waziri ni mkubwa kuliko naibu, Upendo ukaanza. Wa tatu akawa wa nne, wa saba akawa wa nane, na wa nane akatolewa. Bi Sikujua hakulia. Aliteremka ngazi za ndege mbio, akarudi na uwaziri kamili. Mumewe akarudishwa, akatolewa katibu mkuu mmoja mwenye miwani. Katibu mkuu naye akateremka mbio, akarudi akiwa waziri mwandamizi. Feruzi akatolewa. Bi Sikujua akateremka tena.

Kila walipomwinua na kumshusha, mgongo ule ulitoa mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinachokanyagwa, na kila ulipolia mimi nilijikuta nimefumba macho. Injini zilikwisha kuwashwa. Pale ngazini watu walipishana wakipanda ndege na kupanda vyeo kwa wakati mmoja, na nilijilazimisha kuona fahari kwa jinsi taifa linavyokwenda mbele.

Kisha dirisha la pili likafungwa. Ikatangazwa kwamba vyeo vimekwisha mpaka mavuno yajayo. Hesabu ilipotulia, kitanda cha kwanza kilikuwa cha picha, saba vilikuwa vya watu, na Waziri Mwandamizi Feruzi alikuwa mtu wa nane.

Bwana Machaku, ambaye kila safari hupanda na itifaki yake, akatangaza kwamba machela hairuhusiwi njiani ndege inapopaa, na kwamba Mheshimiwa Feruzi atakaa kwa wananchi, wima, kwa heshima zote anazostahili. Wahudumu wawili wakaanza kulegeza mikanda. Wakamshika mabegani wakamwinua. Sauti iliyomtoka haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya chini, ndefu.

"Chezesha vidole," mkewe akamwambia. Akarudia. Kilicheza kimoja tu.

* * *

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Bi Sikujua akawazuia wahudumu kwa kiganja kilichotandazwa, akageuka, akakiangalia kitanda nambari moja. Picha ilikuwa imelala pale kwa raha zake, shuka limevutwa mpaka kidevuni.

Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama picha ile inaumwa mgongo.

Mheshimiwa Lusewa alijifunika gazeti. Bwana Machaku alivua glovu moja, akaivaa tena, kisha akasema kwa kunong'ona kwamba kitanda kile ni cha Mwenye Nchi au Kaimu wake, na kwamba Katiba kweli inataka ndege isiruke bila Kaimu, ila kwa miaka mingi picha ndiyo imekuwa ikikaimu. Bi Sikujua akauliza kwa nini picha, wakati mawaziri wamejaa tele. Hapo kila mtu akakumbuka kitu cha kutafuta mfukoni.

Msomaji wa kwetu anajua. Kaimu wa kwanza alipewa ubalozi katika nchi ambayo bado inatafutwa kwenye ramani. Wa pili alikwenda kunawa mikono na anasubiriwa mpaka leo. Tangu hapo hakuna mwenye akili timamu aliyetaka kuonekana hata amekisogelea kitanda kile, na wahudumu hukitandika wakiwa wametazama pembeni.

"Mume wangu atakaimu," Bi Sikujua akasema.

Bwana Machaku alimtazama kwa huruma ya kweli, na namshuhudia kwa hilo. Akamwuliza kama anaelewa. Akasema anaelewa. Akamwuliza Feruzi mwenyewe. Feruzi akasema kwamba mtu asiye na miguu hata akipewa ubalozi hatafika, kwa hiyo wamlaze. Mawaziri saba wakapiga makofi, wamefurahi kweli, maana shoka limepata shingo na shingo si yao.

Picha ikafungwa vizuri kwenye shuka ikawekwa kwenye kabati la makoti. Fundi rangi akalazwa kitanda nambari moja. Kikashuka taratibu mpaka kikanyooka, naye akanyooka nacho, na nikaona vidole vyote vinacheza chini ya shuka. Bi Sikujua aliziba mdomo kwa ncha ya khanga, mabega yakamtikisika. Nami nikaanza kutunga pongezi, na ilikuwa ya kwanza katika maisha yangu kuitunga kabla sijaagizwa.

* * *

Kaimu wa Mwenye Nchi, nieleze, ana heshima zote na hana amri yoyote. Hawezi kumwagiza mtu hata maji. Anachotakiwa ni kutamka tu kwamba yu mzima, ili taifa litulie, na desturi yetu ni kwamba mkubwa akiwa katika hali fulani, wadogo wote huwa katika hali hiyohiyo. Akipiga chafya tunatoa leso. Akifurahi tunacheka, na kichekesho tunakitafuta baadaye.

Bwana Machaku akapiga goti, akamwomba Mtukufu Kaimu atamke. Akaongeza kwamba baada ya kutamka atasimama, apungie mkono madirishani, kisha akae wima ndege inapopaa, kwa kuwa kiongozi mzima halali mbele ya watu waliosimama.

Feruzi akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama yeye. Walikuwa wamefika mahali ambapo uongo mdogo tu ungemvunja mgongo.

"Naumwa," Feruzi akasema. "Naumwa mgongo. Naumwa sana."

Hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo kutoka kitanda kile. Katika historia yetu Wenye Nchi wamewahi kupumzika, kutafakari, na mmoja alitafakari miezi minane huko ng'ambo akarudi kwenye sanduku, lakini hakuna aliyewahi kuumwa. Mheshimiwa Lusewa ndiye aliyeamka wa kwanza kutoka kwenye mshangao. Akashika kiuno akasema hata yeye mgongo unamsumbua, tena zaidi, kisha akajisahihisha kwamba si zaidi, ni kidogo chini ya hapo. Mawaziri wengine wakaanza kugumia kwa ngazi ya vyeo vyao. Wahudumu wakalala njiani. Bwana Machaku akalala kifudifudi na glovu zake.

Mlango wa mbele ukafunguka, Kapteni Nasibu akatoka chumba cha rubani akitembea kwa kujikokota. Akavua kofia, akajilaza kwenye zulia.

Bi Sikujua akamwendea. Alikuwa mtu pekee aliyesimama kule mbele, kwa kuwa hakuwa na cheo cha kuugua nacho. Akamwambia kapteni kwamba daktari anasubiri asubuhi na usiku unakwenda, tafadhali arushe ndege.

"Mama, Mkuu anaumwa," kapteni akasema, macho yake juu kwenye dari. "Mimi ni nani niwe mzima?"

"Una watoto wewe?"

"Ninao. Ndiyo maana nimelala."

Akamwuliza afanye nini. Kapteni, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamweleza polepole. Mkuu akisema amepona, yeye atainuka mara moja na kurusha ndege. Lakini Mkuu aliyepona itabidi akae wima. Na Mkuu akiendelea kuumwa ataendelea kulala vizuri, ila palepale uwanjani.

Nje taa za njia ya kurukia zilianza kuzimwa moja moja. Bi Sikujua akarudi kitandani akapiga magoti. Nilikuwa karibu, nilisikia, na sikuona vibaya kusikia.

"Mama Asumini," mumewe akasema, "hapa nimelala kama mfalme. Lakini hatuendi."

"Nikikutoa hapa sijui utalala wapi."

"Nitoe. Kulala tu, ningelala nyumbani."

Alikaa hivyo kwa muda, ameshika kidole gumba cha mguu wa mumewe. Kisha akainuka, akavuka miili ya serikali, akafungua kabati la makoti, akaitoa picha kwenye shuka. Ilikuwa kubwa kuliko yeye. Akaiinua juu ya kichwa, ikawa kama picha yenyewe imeota miguu ya mwanamke.

"Mtukufu amerudi," akasema. "Na kama mnavyoona, anacheka."

Kwetu picha ikiingia watu husimama. Hakuna aliyekuwa amewahi kuwaza kama ni lazima uwe mzima ndipo usimame. Walisimama wote, wakaangalia yale meno, wakajigusa viuno, wakakuta hawana kitu. Kapteni Nasibu akavaa kofia akatoka mbio kuelekea usukani. Mheshimiwa Lusewa akamshukuru Mungu kwa uponyaji wa haraka. Bwana Machaku akaipokea picha kwa mikono miwili, akailaza kitanda nambari moja, akaifunga mkanda. Fundi Feruzi alikuwa amekwisha kuwekwa sakafuni.

* * *

Wakamleta kwetu, kwa wananchi, na ndege ikaanza kusogea. Safu yetu ilikuwa ya viti vinne. Dirishani nilikaa mimi. Katikati alikaa Bi Kazija, muuza mihogo, mama mnene anayekwenda kumwona binti aliyejifungua, na kando yake kijakazi wa nyumba fulani ya balozi. Kiti cha nne kilikuwa cha Feruzi. Wahudumu wakamshika mabegani wamkalishe.

Bi Kazija akawauliza wanafanya nini. Wakamweleza kwamba sheria inataka kila abiria akae kitini. Bi Kazija akasema sawa, sisi tumekaa. Kisha akaubamiza mkono wa kiti juu, akamwambia yule kijakazi afanye hivyo, akapiga mapaja yake kwa viganja viwili kama mtu anayemwita mtoto.

"Mleteni hapa," akasema. "Tutampakata."

Tukampakata. Kichwa kilikuja kwangu, mgongo na ubao wake ukawa kwa Bi Kazija, mapaja kwa kijakazi, na miguu ikashikwa na mkewe aliyejibana kwenye kiti cha nne. Ndege ikapaa. Kila ilipotikisika tulikaza magoti kwa pamoja, tukapanda na kushuka naye. Miguu ilipotufa ganzi, safu ya nyuma yetu ikamnyanyua ikampokea, kisha nyingine, na alizunguka hivyo usiku kucha, akipita juu ya magoti ya watu wasiomjua, na hakuna aliyemwuliza cheo chake. Aliporudi kwetu alfajiri alikuwa amelala usingizi. Nilikitazama kile kichwa mapajani mwangu, na sikuweza kutunga chochote. Nililia tu, tena bila kificho.

Asubuhi ile akapasuliwa.

* * *

Subira hutoka mara chache, kwa hiyo wanaokwenda pamoja hurudi pamoja. Miezi mitatu baadaye Fundi Feruzi alipanda ngazi za ndege kwa miguu yake, fimbo mkononi, mkewe nyuma yake akimtazama kila hatua. Daktari alikuwa amempa masharti mawili. Asibebe kitu kizito. Na kila baada ya muda asimame, anyooshe mgongo. Bi Kazija alikuwa amekwisha kukaa, na picha za mjukuu alikuwa ameshazionyesha kwa safu nzima.

Mimi nilisimama karibu na pazia kama kawaida, na nikashangaa. Kitanda nambari moja kilikuwa na picha yake. Vingine vyote vilikuwa vitupu.

Bwana Machaku akatangaza habari njema. Serikali ilikuwa imefuatilia kwa makini safari ile, ikabaini kwamba abiria aliyepakatwa alilala fofofo wakati waheshimiwa juu ya vitanda waligeukageuka. Kwa hiyo limeanzishwa Daraja la Kupakatwa. Kuanzia leo wananchi watakunja mikono ya viti na kutoa mapaja yao kwa viongozi, mkubwa kwa mapaja ya mbele, mdogo kwa ya nyuma. Nani atalala tena juu ya sponji wakati taifa lina watu?

Safu yetu ilipangiwa Mheshimiwa Lusewa. Mvua ya wenzetu ilikuwa imemnenepesha. Kichwa kililazwa kwangu, kiuno na tumbo vikawa kwa Feruzi, mapaja kwa Bi Sikujua, miguu na viatu vyake kwa Bi Kazija. Bi Sikujua akamwita Bwana Machaku, akamweleza kwa upole wake kwamba mumewe ametoka kupasuliwa, ameambiwa asibebe mzigo.

"Kiongozi si mzigo, mama," Bwana Machaku akasema, akafunga pazia.

Tukapaa. Mheshimiwa akalala, akakoroma. Bi Kazija akanong'ona kwamba aliye juu mngoje chini, nami nikamkumbusha kwamba methali hiyo imepigwa marufuku. Feruzi alikuwa mweupe midomoni, na jasho lilianza kumdondoka kidevuni. Mkewe aliliona. Aliangalia lile tumbo lililouelemea mgongo uliotafutwa kwa taabu yote ile.

"Mama Asumini," Feruzi akasema, "daktari alisema ninyooke."

"Basi nyooka, Baba Asumini."

Akasimama. Alishika kiti cha mbele, akajivuta, akanyooka mpaka urefu wake wote. Katikati ya Mheshimiwa ikazama kwenye kiti kitupu. Akafumbua macho, na sura ya kwanza aliyoiona ilikuwa yangu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu yake.

"Wewe mtunga pongezi," akasema, "mwambie mtu huyo akae."

Bi Sikujua akasimama kumshika mumewe kiuno, na mapaja ya Mheshimiwa yakakosa pa kukaa. Bi Kazija akasema na yeye miguu imemfa ganzi, akasimama, na viatu vikagonga sakafu. Safu ya nyuma yetu wakachungulia, wakaanza kujinyoosha. Nikabaki peke yangu, nimeshika kichwa cha Wizara ya Mvua kwa mikono miwili. Maisha yangu yote nimejua la kusema. Mheshimiwa alinisubiri, macho kwa macho, na niliogopa, nakiri, niliogopa sana.

Kisha nami nikasimama.